Siku Niliyompangia Mke Wangu Foleni

Shule niliiacha darasa la sita na sijutii. Mageti mengi unayoyaona kuanzia Mathare mpaka Baba Dogo yamepita mkononi mwangu, na hakuna hata moja lililowahi kulegea bawaba. Lakini kitu cha akili kuliko vyote nilichofanya ni kumwoa yule mwanamke aliyekuwa akipika chapati nje ya kiwanda cha sabuni.

Mke wangu anaishi na virusi. Mimi sina. Alinieleza kabla sijapeleka hata mbuzi kwao, akasema, "Sasa unaweza kwenda zako." Nikamjibu kwamba chapati zake zimenifunga miguu. Anameza dawa zake, ana afya kunishinda, na siri hiyo tulikuwa nayo sisi wawili na kliniki ya serikali. Hakutaka itoke. Wateja wake ni wafanyakazi wa viwandani, na anawajua. "Wakisikia," husema, "nitabaki na sufuria zangu."

Mwaka jana ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, maana ndiyo namba aliyoiacha kliniki. "Mpendwa mteja, mtambo wetu umeingiliwa na watu wasiojulikana. Huenda habari zako zimeonekana. Fika uelezwe."

Sasa, karakana yetu ina desturi. Saa ya chakula tunasomeana jumbe za matapeli, wale wa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," halafu tunashindana kuwajibu. Bingwa ni mimi. Watu hutoka hata Pumwani kuniletea simu zao niwajibie. Ule nao, usiotaja hata ofisi, nikausoma kwa sauti, vijana wakacheka, nikaandika: "Habari zenu pia tunazo. Mama zenu wanasema mrudi nyumbani mkafue."

Kumbe ulikuwa wa kweli. Sheria ya siku hizi inasema ofisi ya serikali ikiibiwa habari za watu, iwaambie wenyewe bila kukawia. Lakini mtaa mzima ulidhani ni utapeli, hakuna aliyekwenda. Basi kliniki ikaona itumie njia isiyoshindwa. Jumapili watu wakitoka kanisani, gari lenye kipaza sauti likapita polepole: "Mliopata ujumbe wa kliniki, si wakora! Lazima mwambiwe, ni haki yenu! Fikeni Alhamisi, mlango wa nyuma, chumba cha mwisho!"

Chumba hicho kila mtu mtaani anajua ni cha nini.

Mke wangu alisimama na kifimbo cha kusukumia chapati mkononi. "Wezi labda wameliona jina langu," akasema. "Hawa sasa wanataka mtaa wote uone uso wangu."

"Usiende."

"Na nisipojua kilichoibwa? Nikae nikingoja mtu aje kuniambia nimlipe ndiyo anyamaze?"

"Nitaenda mimi," nikasema.

Alhamisi nikavaa suti, nikapita mbele ya viwanda nikisalimia kila mtu.

"Niaje, mdosi! Harusi ya nani?" fundi mwenzangu akauliza.

"Naenda kliniki, mlango wa nyuma. Kwani hukusikia kipaza sauti?"

Akanisogelea. "Kumbe wewe?"

"Kumbe mimi. Una geti la kutengenezewa, ama ni hilo tu?"

Kwenye foleni watu walikuwa wameinamisha vichwa kama waliofiwa. Mama mmoja aliyejifunika leso hadi puani akaninong'oneza, "Baba, punguza sauti, watatuona."

"Wanitazame mimi, mama. Niko mrefu, nawafunika nyote."

Akacheka ndani ya leso. Lakini nilipofika mezani, muuguzi akakataa kuniambia lolote.

"Sheria ni hiyohiyo, mzee. Anaambiwa mwenyewe."

"Namba ni yangu!"

"Namba ni yako, damu si yako."

Nikawa bado nabisha niliposikia nyuma yangu, "Toka hapo, Baba, unachelewesha watu." Alikuwa yeye, na aproni yake, unga mpaka viwikoni. Alikuwa amepita njia ileile, mbele ya macho yaleyale.

Akaambiwa: wezi waliona majina na namba za simu tu. Maandishi ya daktari yalikuwa kwenye mtambo mwingine, hawakuyafikia.

"Kwa hivyo wezi hawakujua kitu," mke wangu akasema, "mpaka nyinyi mlipopita na gari."

Muuguzi akafunika uso kwa mikono. "Tusamehe, mama."

"Siku nyingine mtume mtu ninayemjua, aje jikoni kwangu aniambie kwa mdomo."

Tukarudi tumeshikana mikono, kitu ambacho watu wa rika letu hawafanyi. Saa ya chakula benchi la wateja wake nje ya kiwanda lilikuwa na mapengo. Wengine walipita kando wakijifanya wanaongea na simu. Mke wangu akachoma chapati kama kawaida. Nikakaa katikati ya pengo kubwa kuliko yote, nikaagiza chapati na maharagwe, nikala kwa kelele. Fundi mwenzangu akasimama mbali akinitazama nikimaliza na kuagiza tena.

"Shemeji," akamwita mke wangu hatimaye, "huyu atamaliza zote. Niwekee mbili."

"Kaa basi," mke wangu akasema, akamsogezea sahani.