Ukuta wa Sungura

Jumapili iliyopita nilikuwa Riruta Satellite, kwenye harusi, nimekaa kwenye ukumbi wa kanisa na sahani yangu ya pilau, alipoingia mwanamke mzee aliyekuwa jirani yetu Kawangware nilipokuwa mtoto. Alikuwa anaongozwa na mjukuu wake. Mjukuu alikuwa na mkoba wa waridi mgongoni, na kwenye mkoba kulikuwa na sungura mweupe, macho makubwa, mdomo mdogo kama tundu la sindano. Sungura wa Kijapani. Huyo namtambua hata nikiwa ng'ambo ya barabara.

Jirani aliniona nikiutazama ule mkoba. Akacheka kwa fahari.

"Shangazi yake alimletea. Si kazuri?"

Pilau ilinigandia mdomoni. Nilitabasamu, maana nimelelewa kutabasamu mbele ya wazee. Lakini rafiki yangu unayesoma hapa, sina sababu ya kukuficha: nilishikwa na hasira iliyonifanya niweke kijiko chini. Nimekuwa nayo tangu utotoni. Wacha nikueleze ilikotoka.

Kama uliishi Kawangware miaka ya sabini ikielekea themanini, unazijua nyumba zetu. Fito na matope, mabati juu, mlango wa mbao za makreti. Matope yakikauka hupasuka, na ufa ukipanuka unaona jua ukiwa umelala kitandani. Baridi ya Julai, ile yenye manyunyu yasiyoisha, iliingia kwenye nyufa hizo kama mtu mwenye ufunguo wake. Kwa hiyo kila mwaka, mvua za masika zikiisha na kabla baridi haijakaza, akina mama wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walibandika kuta. Kwanza mifuko ya simiti, kwa sababu ni migumu. Halafu magazeti, tabaka juu ya tabaka. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliopikwa mpaka ukawa uji mzito. Mama yetu aliongeza pilipili ili panya wasije kula ukuta. Siku ya kubandika, mimi na dada yangu tulilala na vidole vinavyowaka, na ole wako ukijisugua jicho.

Nyumba zote zilikuwa za magazeti. Ukienda kwa watu ulikaa ukitazamana na sura za mawaziri na bei za ng'ombe. Yetu peke yake ilikuwa ya waridi.

Mama alifanya kazi kwa familia ya Wajapani ng'ambo ya mto, kule kwenye nyua ndefu na mbwa wakali. Alifua, alipiga pasi, alimwangalia binti yao. Walichotupa, mama alikileta. Na walichotupa, hebu fikiria, kilikuwa kizuri kuliko tulichonunua. Karatasi za zawadi zenye mawimbi na maua madogo. Maboksi ya biskuti. Magazeti ya watoto wa kike yenye wasichana wa macho ya nyota, dubu waliovaa aproni, uyoga wenye mashavu mekundu. Mama alishangazwa zaidi na biskuti. "Hawa watu," alisema, "wanafunga biskuti moja moja, kama mtoto mchanga."

Dada yangu alilipenda neno hilo. Alikuwa amenitangulia kuzaliwa, na alinitangulia kwa kila kitu. Alichukua boksi tupu la biskuti, akalifungua pole pole kwenye kila kona bila kulipasua, akalilaza sakafuni, akanionyesha. "Angalia. Mtu alikaa chini akafikiria kona hii." Kisha akalikunja likarudi boksi. Alilifungua na kulikunja mpaka akajua, halafu akatengeneza lake kwa karatasi ya mfuko wa sukari. Katika magazeti yale kulikuwa na kurasa za kufundisha kukunja karatasi. Maandishi hatukuyajua, lakini mishale tuliijua. Dada alifuata mishale, akatoa ndege mwenye shingo ndefu. Alisema ni korongo, wale wanaotembea kwenye shamba la bibi yetu huko Magharibi wakati wa kupanda mahindi. Aliwafunga kwa uzi wakaning'inia juu ya kitanda. Stovu ya mafuta ya taa ikiwashwa, mvuke wa sufuria ya githeri uliwazungusha wote pamoja.

Lakini fahari yetu ilikuwa ukuta wa kitandani. Dada ndiye aliyepanga. Simiti chini, magazeti katikati, Wajapani juu. Katikati kabisa alimweka sungura mweupe aliyeketi kwenye kiti, mkubwa kama sinia. Huyo alimwita mwenye nyumba. Dubu wa aproni alikuwa muuza mandazi. Msichana wa macho ya nyota alikuwa mpangaji anayejificha kila mwisho wa mwezi. Jioni watoto wa ploti walikuja, wakajaa kwenye sakafu, na dada akaanza.

"Hodi! Nani huko? Ni mimi, mwenye nyumba."

"Waambie sipo!" watoto walipiga kelele.

"Kama hauko, nani anaongea?"

"Ni dubu!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta wa upande wake. Jirani ni huyo huyo wa harusini. Alikuwa amekuja kutoka Kitui, muuza mboga, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Nakuambia ukweli ingawa unanichoma: tulipokosa sukuma wiki, alitupa. Mama alikuwa na msemo wake, kwamba jirani ni ndugu asiyehitaji nauli. Naujua wema wake. Ndiyo maana hasira yangu haijawahi kupata mahali pa kukaa vizuri.

Mwaka ule Julai ilikuwa mbaya. Dada alianza kukohoa. Mama alimpa ndimu na asali, akamchua kifua, akampeleka zahanati. Walimpa dawa ya maji, wakasema: akianza kuhema haraka, mrudisheni upesi. Akaanza kuhema haraka. Nililala naye, nikamsikia. Mbavu zake zilipanda na kushuka kama za kuku aliyekimbizwa.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa ameshajifunga leso ambebe kwenda zahanati, na hapo ndipo walipoingia. Akina mama wa maombi wa kanisa letu, na kanzu zao nyeupe, na mwombezi wao mbele, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Jirani ndiye aliyewaita. Alifikiri anasaidia.

Waliomba. Waliimba. Chumba kilijaa joto la watu, na dada alisinzia kidogo. Halafu mwombezi alifumbua macho, akaona ukuta. Nyumba nyingine zote alizowahi kuombea zilikuwa na magazeti. Alinyoosha kidole ukutani.

"Mama watoto. Hawa ni akina nani?"

"Ni picha tu," mama alisema. "Za kazini."

"Na haya maandishi yanasema nini?"

Mama hakujua. Nani angejua?

"Kitu usichoweza kusoma," mwombezi alisema, "usikibandike juu ya mtoto anapolala."

Jirani akadakia, na maneno yake ninayo mpaka leo. "Hata mimi nimekuwa nikisema. Macho yao hayafungi. Huyu mtoto atalala aje, na anatazamwa usiku na mchana?"

Nilimshika mama leso. Nilimwambia, mama, muulize memsabu wa kazini, Jumatatu muulize, atakusomea. Mwombezi akaniambia, "Nyamaza, mtoto. Wakubwa wanaongea." Mama alinitazama, akautazama ukuta, akamtazama dada. Alikuwa amechoka. Kisha alifungua leso kiunoni, akaiweka kitandani.

Wakaanza kubandua. Gundi ya mama ilikuwa imara, kwa hiyo walitumia visu na sahani. Kilichotoka hakikuwa Wajapani peke yao. Tabaka lote liling'oka pamoja, magazeti na mifuko ya simiti na vipande vya matope vilivyoshikamana nayo. Dubu alikwenda. Msichana wa nyota alikwenda. Mtu mmoja alikata uzi wa makorongo kwa meno.

Dada alikuwa macho. Aligeuza kichwa, akaniona nikilia, akaninong'oneza kwa pumzi ile fupi:

"Leo... mwenye nyumba... ndiye anafukuzwa."

Alikuwa anataka nicheke. Sikucheka, na sasa ninatamani ningecheka, kwa kuwa ndio utani wake wa mwisho.

Waliyabeba makaratasi nje, wakayachoma kwenye mafiga matatu ya jirani. Yaliwaka vizuri mno, yalikuwa makavu. Na kwa kuwa moto ulikuwa mzuri, na siku ilikuwa ya baridi, na wamefanya kazi, mtu aliinjika sufuria. Walipika chai. Walisimama uani na vikombe, wakinywa chai iliyochemshwa kwa moto wa sungura wa dada yangu, wakisema, "Bwana asifiwe, hewa ya humu ndani imebadilika."

Ilikuwa imebadilika kweli. Ilikuwa imeingia.

Ukuta ulibaki matope matupu, na kila ufa ulikuwa wazi. Nilisimama kando ya kitanda nikahisi upepo kwenye shingo. Mama alisokota matambara akaziba hapa, upepo ukatokea pale. Alimwambia mwombezi kwamba chumba kimekuwa baridi. Mwombezi akajibu kwamba hiyo ni imani ndogo, na akamwomba asimtoe mtoto nje siku hiyo, maana maombi yameshaanza kufanya kazi. Mama alimtoa siku iliyofuata. Alimkimbiza zahanati, zahanati wakamkimbiza hospitali kuu, na kutoka hospitalini mama alirudi na leso peke yake.

Sina elimu ya udaktari. Nilifika darasa la saba. Sisemi makaratasi yangemponya. Nasema mtoto alikuwa na kifua, na kati yake na Julai kulikuwa na ukuta, na watu wazima waliookoka, wenye akili timamu, waliung'oa kwa visu kwa sababu ulikuwa na sungura.

Tulimzika Magharibi, kwa bibi. Mama aliporudi kazini, memsabu wake aliinama mbele yake chini kabisa, mpaka mama akaona haya. Mama alikuwa amekipata kipande kimoja cha zile karatasi nyuma ya mguu wa kitanda, chenye mistari miwili ya maandishi. Akamwonyesha. Memsabu akamsomea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mama aliniambia jioni, akiosha vyombo, bila kugeuka.

"Inasema: kata hapa, kunja hapa, bandika hapa."

Hakulizungumzia jambo hilo tena mpaka naye akafa.

Mwaka uliofuata mama hakubandika. Kabla baridi haijaja alituhamishia Kibera, upande wa Olympic, kwenye chumba cha mabati matupu. Gundi ya unga haishiki mabati. Nadhani alikichagua kwa sababu hiyo. Nilikulia humo, chumba cha moto mchana na cha barafu alfajiri, bila sura hata moja ya kuitazama.

Lakini sikuacha kuwapenda. Wajapani wa karatasi, nasema. Mimi ni fundi cherehani, na kila nikienda kutafuta mitumba nafukua marundo ya nguo za watoto nikitafuta shati lenye dubu, aproni yenye uyoga, kitambaa cha mfukoni kilichopindwa pindo dogo hata huoni uzi. Wauzaji wananijua. "Mathe wa sungura amefika," wanasema, na wananiwekea. Nina boksi la stika ambazo sitawahi kuzibandua. Ninapokunja boksi tupu la biskuti nasikia sauti ikisema, mtu alikaa chini akafikiria kona hii. Sijawahi kufika Japani na sitafika. Ninachokijua ni kwamba huko kuna mtu anayeamini kitu kidogo cha mtoto kinastahili kutengenezwa vizuri, na nimeishi kati ya watu walioamini kinastahili kuchomwa.

Ploti yetu ya Kawangware haipo. Kuna ghorofa ya mawe na vioo. Siku hizi hakuna anayepika gundi, na mtoto hajui harufu ya unga na pilipili. Sungura wako kila mahali: kwenye chupa za maji, kwenye soksi, kwenye simu za binti za wachungaji. Hakuna anayewaombea watoke. Walisamehewa lini? Nani alitangaza?

Basi pale harusini nilikula kidogo, nikaona siwezi. Nikamgeukia jirani.

"Unakumbuka ule ukuta wetu?"

"Ukuta gani?"

"Wa picha. Mliubandua. Dada yangu akiwa mgonjwa."

Alikunja uso, akatafuta kweli kweli. Nilimwona akitafuta. "Dada yako namkumbuka," alisema. "Msichana mpole. Tulimwombea sana huyo." Akanipiga piga mkono. "Lakini ukuta? Ah, mama, hiyo ni miaka mingi. Ukuta gani?"

Nilikuwa nimebeba jibu la swali hilo maisha yangu yote, na hapakuwa na wa kumpa.

Mjukuu alikuwa amevua mkoba, ameuweka mapajani, anamkuna sungura sikio. Nikamuuliza, "Huyu anaitwaje?"

"Hana jina."

"Anaitwa mwenye nyumba."

Mtoto alicheka, meno ya mbele hayapo. Bibi yake naye akacheka. "Mwenye nyumba! Wapi!" Kisha mtoto akakohoa, kikohozi kidogo tu cha kucheka na wali mdomoni. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na nje manyunyu yalikuwa yameanza. Niliinuka, nikapita kati ya viti vya wageni, nikaufunga.