Mama Aliyesingiziwa Kuzima Kompyuta

Miaka ile ya tisini stima ya Thika ilikuwa haina adabu. Ilipotea asubuhi watu wakinywa chai, ikapotea tena mchana, na ikirudi ilirudi kwa hasira na kuunguza redio na friji za watu. Kwa hiyo kila nyumba na kila ofisi ilikuwa na mazoea yale yale: stima ikienda tu, mtu anapiga kelele, "Chomoeni!" na kila kitu kinachomolewa ukutani mpaka mambo yatulie.

Kwenye kiwanda cha nyuzi nilikokuwa fundi wa kompyuta, kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa wa Makongeni, karani wa chumba cha mashine. Alikuwa Mwislamu, mtu wa taratibu, leso mabegani siku zote. Wote tulimwita mama tu, hata bosi aliyemzidi umri. Mimi nilitoka Ruiru, kule Gatongora, na nikifika kazini nilimkuta ameshafuta vumbi.

Kompyuta kuu ilikuwa moja, nayo ilikuwa na betri yake ya dharura, hivyo stima ikipotea haikupaswa kujua lolote. Lakini tangu tulipofungiwa kisanduku kipya cha kijivu, kilichoiunganisha na skrini za idara zote, mambo yaliharibika. Kila stima ilipopotea, kompyuta ilisimama. Haikuzimika kabisa, feni yake ilizunguka na taa ziliwaka, ila iligoma kufanya kazi, na skrini ikabaki na neno moja: ok. Kuiwasha upya kulimaliza asubuhi nzima, huku malori yakipanga foleni getini kwa kukosa karatasi za kutolea mzigo.

Bosi akaanza kutafuta mchawi. Ni nani huingia chumba kile kila stima inapopotea? Jumatatu moja, saa ya chakula, akasimama kantini mbele ya wafanyakazi wote.

"Huyu mama ndio anafinya-finya hiyo mashini," akasema. "Kila akiingia, inakufa. Ijumaa nikikosa kuambiwa ni kwa nini, aende nyumbani."

 Mama aliacha sahani yake akatoka. Mimi nilikasirika mpaka chakula kikanishinda, maana kama kuna jambo linalonichosha duniani, ni mwenye cheo kujibu swali ambalo hajaliuliza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama mwenyewe alianza kuamini. Wasichana wa ghala walikuwa wakinong'ona ati ana mkono mbaya, hata ua akiligusa linakauka. Kesho yake nilimkuta ameketi, mikono ameificha ndani ya leso.

"Mwanangu, usiniambie niguse kitu," akasema. "Labda ni kweli. Labda kuna kitu niko nacho."

"Mama, kompyuta haijui mkono wa nani."

Nikambembeleza afanye kile alichofanya siku zote, ila sasa stima ikiwepo, kitu kimoja kimoja, mimi nikiangalia skrini. Akachomoa printa. Hakuna kitu. Akachomoa feni ya dirishani. Hakuna kitu. Akachomoa kisanduku cha kijivu, na kompyuta ikasimama palepale.

"Si umeona!" akasema, machozi yakamtoka.

Nikamwomba akakae kule mlangoni. Safari hii, kabla ya kuwasha upya, nilijaribu kuandika go, yaani endelea, na kompyuta ikaendelea pale ilipoachia. Nikarudisha kisanduku ukutani, kisha nikakichomoa mimi mwenyewe. Ikasimama tena.

"Na mimi pia nina mkono mbaya?"

Hakucheka. Aliniambia nirudie, na nikarudia mpaka akaitoa mikono kwenye leso.

Maana yake ilikuwa rahisi, na nilimweleza vile nilivyoielewa. Waya kati ya kisanduku na kompyuta hubeba umeme kidogo hata pasipo ujumbe wowote. Kisanduku kikikosa stima, umeme ule unaanguka, na kompyuta yetu ilisoma kuanguka huko kama amri ya fundi: simama, ungoje. Walioifunga mitambo waliiweka kompyuta kwenye betri, wakakiacha kisanduku ukutani. Mama alipokuwa akifika mlangoni mbio, amri ilikuwa imeshatumwa.

Nikakihamishia kisanduku kwenye betri. Kilichobaki kilikuwa kungoja stima ipotee, na nakwambia, sijawahi kuiombea ipotee namna ile. Jumatano stima ilikaa kutwa kama imetumwa kunikomesha. Alhamisi, karibu saa ya chakula, ikaenda. Nikatuma bosi aitwe. Mama alikuja mbio kama kawaida, kisha akasita mlangoni.

"Ingia, mama," nikamwambia. "Fanya kazi yako."

Akachomoa vyote vilivyokuwa ukutani, bosi amesimama nyuma yake. Kompyuta ikaendelea na hesabu zake.

"Kumbe ni waya," bosi akasema. "Haya, maneno yameisha. Rudini kazini."

"Hayajaisha," mama akasema. "Ulinitaja kantini. Ukanisafishe huko huko."

Bosi alienda, sitamnyima hilo. Alisimama kantini, akasema kwa Kiingereza, haraka haraka, uso kwenye dirisha, kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi. Nusu ya watu hawakuelewa, wakaendelea kula. Mama akainuka.

"Kwa Kiswahili, bosi. Vile ulisema ile siku."

Vijiko vikatulia.

"Haikuwa huyu mama," akasema bosi. "Ni waya ilikuwa imewekwa vibaya."

"Na?"

Bosi akaliacha dirisha, akamgeukia. "Na pole, mama."

Mama akaketi, akavuta sahani yake. Tangu Jumatatu, ndiyo mara ya kwanza nilimwona akila na watu.