Siku Niliyompeleka Bosi Kwenye Posa

Kwenye kitambulisho changu cha kazi nimeandikwa meneja. Ofisi yetu ni ya utalii, ipo Njiro, na bosi wangu ni kijana mdogo kwangu kwa mbali. Ananiita kaka, hatukani mtu, mshahara hauchelewi. Ila haamini asichokiona. Nikimwambia gari limeoshwa, anapiga simu ya video: "Kaka, geuza kamera nione." Nageuza. Nikimwambia wageni wamefika hotelini salama, nageuza tena. Madereva wakiniona nimenyoosha mkono wenye simu wanasogea pembeni, wanacheka chini chini. Nacheka nao, maana mtu mzima akinuna mbele ya vijana ndiyo wanazidi kumcheka.

Jumamosi moja niliomba ruhusa. Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba huko juu Meru, na kwa kuwa baba yetu hayupo tena, mimi ndiye niliyepewa ushenga. Mshenga hana mali nyingine zaidi ya neno lake. Akisema kijana wetu ni mtulivu, wakwe wanaanza kwa kumpima yeye aliyesema. Bosi alikubali bila tatizo.

"Ila simu iwe hewani, kaka."

Ningeweza kuizima. Lakini nina mtoto chuoni, na umri wangu si wa kuzunguka mjini na bahasha ya vyeti. Nikaiacha mfukoni, nikaondoa mlio tu.

Tulipokelewa vizuri sana. Tukatoa shikamoo zetu, tukaletewa chai ya maziwa, na mimi nikasimama kueleza kuwa tumeona ua kwenye bustani yao. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Simu ikaanza kutetemeka. Nikaipuuza, ikarudia, na iliporudia tena sebule nzima ilikuwa inaisikia. Nikaomba radhi, nikapokea.

"Kaka, mbona hupokei? Uko wapi?"

"Niko Meru, bosi. Kwenye posa."

"Nionyeshe."

Ningesema hapana, hadithi ingeishia hapo. Mkono ukaenda wenyewe. Nikageuza kamera, nikaipitisha taratibu kwa baba wa binti, kwa wajomba, hadi kwa bibi yao aliyekuwa kwenye kochi la mwisho. Bibi alidhani ni ndugu yetu aliyeshindwa kufika. Akaweka khanga yake sawa, akapunga mkono.

"Mwambie karibu sana," alisema.

"Sawa, nimeona," bosi akasema. "Endelea, kaka." Akakata.

Sikuthubutu kumtazama yule bibi. Baba wa binti akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza zaidi.

"Huyo ni ndugu yenu aliye mbali?"

"Hapana, mzee. Ni bosi wangu."

"Ana shida gani?"

"Alitaka kuhakikisha kama kweli niko hapa."

"Kwani hukumuaga?"

"Nilimuaga."

Mzee akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijaribu kurudi kwenye ua na bustani, lakini kila nilipofika kwenye "tunawahakikishia" nililiruka neno hilo. Ningewahakikishia nini, wakati dakika moja iliyopita nimewapanga kama magari yaliyooshwa ili mtu mwingine athibitishe kuwa sisemi uongo?

Nilipomaliza, yule baba alishukuru. Alisema kijana hana ubaya, wamempenda, na mlango haujafungwa.

"Njooni tena," alisema. "Ila safari ijayo mtuletee mzee mwingine wa kuzungumza naye."

Alinishika mkono vizuri wakati wa kuagana. Hakuna aliyenikosea adabu pale nyumbani, na ningekuwa na nafuu kama angalau mmoja angenikosea.

Mdogo wangu ndiye aliyeendesha gari kurudi. Tulipofika Tengeru akapunguza mwendo.

"Nitamwomba baba mdogo," alisema. "Jumamosi ijayo."

"Nami nitakuja. Nitakaa tu nyuma, sitasema neno."

Hakuwa na hasira hata chembe.

"Hapana, kaka," alisema. "Jumamosi wewe una kazi."