Ukurasa wa Nyoka

Watoto walimwita Mama Rejea, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia chumba cha watoto pale maktaba, na alichokipenda humo si hadithi bali rafu ya vitabu vya maarifa: mwili, wadudu, nyota, kamusi, ramani. Vile vya rejea alivibandika alama nyekundu mgongoni, maana yake havitoki nje hata ulie machozi ya damu. Ukitaka kimoja, kaa, toa daftari, nakili. Tena unakili neno kwa neno, kwa sababu mambo ya kukisiakisia hakuyataka kabisa.

Mdomo alikuwa nao, lakini kazi aliijua. Hadithi ikisema sungura amevaa viatu, aliwauliza wenzake, nani ataumia? Ila kitabu cha maarifa kikishapitwa na wakati, kitoe. Ndiyo maana kila mwaka alipitia rafu nzima, akiangalia kila kimoja kilichapwa lini, na vilivyozeeka akavitia kwenye boksi, kisha akavipiga muhuri wa kuviondoa.

Mwaka ule boksi lilifurika. Rafu ya afya ikabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, na wakaguzi wanakuja kesho yake. Sasa mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akafanya nini? Akachomoa boksini vitabu sita ambavyo muhuri ulikuwa bado haujavigusa, akavirudisha rafuni kuziba mapengo. Siku mbili tu, alijiambia. Wakaguzi wakaja, wakasifu, wakaenda zao. Naye akashikwa na homa, akalala wiki nzima, na aliporudi vile vitabu vilikuwa vimemtoka kichwani.

Kimojawapo kilikuwa cha huduma ya kwanza, kilichochapwa kabla hata yeye hajaolewa. Msichana mmoja wa darasa la sita, mgeni wake wa kila Jumamosi, alinakili humo ukurasa wa kuumwa na nyoka kwa kazi ya shule. Mwezi haukuisha, mdogo wake akaumwa mguuni nyuma ya nyumba, wazazi wako kazini. Msichana alifungua daftari. Alifunga kamba juu ya jeraha, akaikaza kwa kijiti mpaka mtoto akaishiwa sauti, na kila jirani aliyetaka kuilegeza alionyeshwa maandishi: isilegezwe. Hospitali walifika baada ya muda wa saa tano. Daktari alisema nyoka yule hakuwa na sumu ya kutisha. Kilichoua mguu ni kamba, na wakaukata juu ya goti.

Habari hizo Mama Rejea alizipata kwa mwalimu wa yule msichana. Alikwenda rafuni, akakikuta kitabu kimetulia mahali pake. Akakitia mkobani. Nyumbani alikaa nacho mbele ya jiko siku tatu, maana angekichoma hakuna ambaye angejua, na kazi yake ingebaki salama. Lo, aibu iliyoje kwa mtu wa umri ule! Siku ya nne akarudi nacho kazini, bado hajaamua.

Adhuhuri msichana akaingia na daftari lake. Alimwamkia, akaitikiwa, kisha akaomba kile kitabu kwa sauti ya chini. Nyumbani walisema alisoma vibaya, na baba yake hakuwa akimsemesha tangu siku ile.

"Nataka kuona nilipokosea," alisema.

Mama Rejea aliuvuta mkoba wake. Kisha akakitoa kitabu, akakiweka mezani kando ya daftari. Msichana alipitisha kidole mstari kwa mstari, huku na huku, mpaka mwisho, halafu akaanza upya.

"Hujakosea, mwanangu," Mama Rejea akasema. "Umenakili sawasawa. Kitabu ndicho kibovu. Nilikitoa, nikakirudisha mwenyewe ili rafu isionekane tupu. Jioni nakuja kwenu kumwambia baba yako."

Msichana hakulia. Alifunga daftari, akanyoosha jalada lake kwa kiganja.

"Kwa hiyo ningenakili vibaya," akasema, "mdogo wangu angekuwa na mguu."

Mama Rejea akamwambia ndiyo.