Verna Tackett na Kadi za Nukta

Saa tatu kasoro dakika chache asubuhi, Jumamosi, Verna Tackett, fundi bunduki, anamsukumia kaka yake kadi nyeupe na penseli juu ya benchi la kazi. Anamwambia neno moja tu: "Chora."

Dwight Colley, mwenye miaka sabini na minne, anaishika penseli kama mtu anayetia saini hati ya kuuza shamba. Anainua bunduki tupu, anachungulia kwenye darubini ndogo aliyofungiwa juzi, anaishusha, kisha anachora. Nukta moja. Ya duara, safi, katikati kabisa ya kadi.

Verna anaitazama kadi, halafu anatazama nje ya dirisha. Yadi arobaini kutoka hapo, kwenye tuta la udongo nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, zimetundikwa karatasi tatu alizozipiga Dwight asubuhi hii. Ya kwanza, marisau, zile punje za risasi, yamekwenda kushoto. Ya pili, yamekwenda juu. Ya tatu imechanika pembeni tu, kama iliyotafunwa na panya.

"Nukta nzuri," Verna anasema. "Ungefaa kuwa mwalimu wa hesabu."

"Ninachokiona ndicho nilichochora."

"Sawa, kaka."

Hubert Sikes, mgawa barua mstaafu ambaye amekaa karibu na birika la kahawa tangu mlango ufunguliwe, anacheka kwa puani. "Mwache mzee wa watu. Bunduki yenyewe nyepesi kama fagio. Ukipiga chafya inamgeukia jirani."

Hapa Cane Fork, kwenye vilima vya kusini mwa Missouri, msimu wa bata mzinga unafunguliwa keshokutwa alfajiri. Wiki hii watu hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana madume yamelia wapi, nani kayasikia, na nani anadanganya. Karakana ya Verna hujaa kuliko kanisa siku ya harusi, na mtu akitaka kujua nani kaachana na nani katika wilaya nzima, hahitaji kwenda mbali zaidi ya birika hilo la kahawa.

Lakini leo Verna hacheki. Jana wifi yake, Imogene, mke wa Dwight, alimpigia simu akamweleza jambo ambalo mumewe hajamwambia mtu. Dalali wa mnada atafika kwao Jumanne. Dwight akishindwa kuweka marisau ndani ya duara la shabaha leo, anauza bunduki zote tano, na msituni harudi tena.

Chanzo ni msimu uliopita. Ukutani mwa karakana yametundikwa mapande ya mashati kumi na tisa. Kwa desturi ya hapa, anayemkosa bata mzinga hukatwa pindo la shati, likaandikwa jina lake na tarehe. Matatu ya mwisho ni ya Dwight.

Bata wa nne hakumkosa. Alimjeruhi, bata akakimbilia vichakani. Dwight alimtafuta siku mbili, akakuta manyoya tu.

"Kukosa ni mchezo. Mtu anakatwa shati, wenzake wanacheka, yanaisha," anasema Dwight. "Kumwacha mnyama akafie porini kwa sababu wewe mzee na hutaki kukubali, huo si mchezo."

Bunduki yake ya zamani ina uzito wa karibu ratili nane, na teke lake ndilo lililolimaliza bega ambalo daktari alilipasua Septemba. Ndiyo maana Verna akamtafutia hii ya ratili tano na nusu, yenye mtutu mwembamba. Akaifunga kibano mdomoni mwa mtutu ili marisau yasitawanyike mapema. Kwa kuwa shanga ya shaba ya kulengea iliyo kwenye ncha ya mtutu kaka yake haioni tena, akaweka juu yake darubini yenye nukta ya taa nyekundu. Kila kitu kilikaa sawa. Ila karatasi zinasema vingine.

Verna, mwenye miaka sitini na mmoja, hakuzaliwa fundi bunduki. Kwa miaka kumi na minne alishona ngozi za viatu kiwandani, mpaka kiwanda kikafungwa, yeye na wanawake wenzake mia moja na arobaini wakarudi nyumbani na masanduku ya chakula cha mchana mikononi.

"Baba mkwe alikuwa fundi," anakumbuka. "Alinipa tupa na kipande cha chuma, akasema nikifanye kiwe mraba. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilinichukua siku tisa."

Sasa hutoza dola arobaini na tano kufunga darubini na kuilenga. Machi na Aprili hupokea bunduki hadi thelathini kwa wiki, na miezi hiyo miwili ndiyo inayobeba mwaka wake wote.

Kadi zilianza miaka tisa iliyopita. Mteja mmoja alirudi mara tatu akilalamika kuwa darubini mbovu. Verna akabadilisha skrubu, akabadilisha darubini, mwisho akarudisha pesa. Baadaye mke wa yule bwana akamnong'oneza dukani kuwa mumewe hata gazeti hasomi tena, analishika tu.

"Tangu siku ile maneno sikubali," anasema Verna. "Wanaume wa hapa watakwambia wameona mpaka kope za bata. Mimi nataka mchoro."

Ndani ya bati kuukuu la biskuti ana kadi zaidi ya mia mbili. Kuna nyota, mikia, alama za mkato, na moja kama kuku aliyelala. Ni kazi ya jicho ambalo limepoteza uduara wake: nukta ya taa hulifikia, nalo likaitawanya. Ndiyo sababu kadi ya Dwight haimpendezi. Ni safi mno.

Anaufungua mfuniko wa bati, anavuta kadi iliyo chini kabisa, anaiweka kando ya ile ya kaka yake. Ina nukta yenye mkia mrefu, kama kiluwiluwi.

"Ya nani hii?" Dwight anauliza.

"Yangu."

Hubert anakishusha kikombe chake.

"Miaka miwili na nusu sasa," Verna anaendelea bila kuinua uso. "Hii miwani ninayovaa nikilenga bunduki za watu, mnadhani ni ya kuzuia vumbi. Ni ya daktari."

Amelisema mbele ya Hubert, na kumwambia Hubert siri ni sawa na kuibandika kwenye ubao wa posta. Fundi anayelenga bunduki za wilaya nzima, jicho lake lina mkia. Verna anajua hilo litafika makanisa yote manne kabla ya ibada ya kesho kwisha.

Dwight anaziangalia kadi mbili kwa muda. Kisha anavuta kadi mpya bila kuambiwa. Anainua bunduki, anachungulia sana, anaishusha. Mkono wake unakwenda polepole. Anachora nukta tatu zilizoshikamana kama zabibu kwenye kikonyo.

"Nilikuwa nachagua moja," anasema kwa sauti ya chini. "Kila nikipiga, nachagua moja."

Verna anageuka kuziangalia karatasi tatu nje. Kushoto. Juu. Pembeni.

"Kumbe shabaha yako nzima, kaka," anasema. "Ulipiga ulikolenga mara zote tatu."

Dwight anatikisa kichwa na kuguna, kicheko kilichokosa njia.

Kazi inachukua chini ya saa moja. Verna anafungua skrubu nne, anaitoa darubini ya taa, anafunga nyingine ambayo alama yake imechongwa ndani ya kioo chenyewe. Hii haina taa ya kutawanyika, na ina pete upande wa jicho ya kuzungusha mpaka alama ikae wazi. Ina wakia sita za ziada, na Verna hakuitaka tangu mwanzo kwa sababu hiyo. Anatia tone la gundi katika kila skrubu, anakaza kwa bisibisi yenye kipimo mpaka ilie, ta, halafu anaiacha.

"Fagio limeongezwa mpini," anasema Hubert.

"Bado ni nyepesi kuliko ulimi wako, Hubert."

Juu ya kitako anafunga kipande cha ngozi alichokishona jana kwa mshono wa kiatu, ili shavu la kaka yake lipande sawa na kioo. Kosa la Dwight la tangu ujana ni kuinua kichwa amwone bata vizuri, na kichwa kikiinuka, marisau hupita juu.

"Chora," anamwambia tena.

Safari hii Dwight anachora duara, na ndani yake nukta. Halafu, kwa uangalifu, anafuta kidogo mstari wa duara upande wa chini.

"Hapa pamekatika," anasema. "Nisamehe kama ni jicho langu."

Verna anavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Alama ya darubini ile imekatika kweli upande wa chini. Ndivyo ilivyochongwa, na hakuna aliyemwambia Dwight.

Wanatoka nje. Imogene amefika na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi uliofungwa taulo. Dwight anaegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, anapiga risasi mbili za bei rahisi. Verna anageuza skrubu ya kulengea, kidogo kulia, kidogo chini. Kisha anamkabidhi risasi moja ya kuwindia, yenye marisau madogo kama ulezi, mazito kwa ukubwa wake kuliko marisau ya kawaida. Moja tu ni dola kumi, na hapa watu hawazichezei.

"Moja," anamwambia. "Na kichwa ukiache hapo hapo."

Mlio unagonga kilima na kurudi. Dwight haondoi shavu kwenye ngozi mpaka dada yake amguse bega, lile zima.

Imogene ndiye anayekwenda kuileta karatasi. Anaitandaza juu ya boneti ya gari, anahesabu matundu yaliyo ndani ya duara la inchi kumi, akiweka alama ya kalamu kwa kila moja asirudie. Mia inatosha kumwangusha bata papo hapo. Anafika mia moja ishirini na saba, anafunga kalamu.

"Jumanne yule dalali akija," anamwambia mumewe, "mwambie anunue lile trekta lako bovu."

Dwight anaikunja karatasi mara nne, anaitia mfuko wa shati. Anakata kipande cha mkate na kumpa dada yake kwanza.

Hubert anajikuna shingo. Anamsogelea Verna, anaangalia nyuma kama kuna anayesikiliza. "Fundi," anasema, "hebu na mimi nipe hiyo penseli. Si kwamba nina tatizo."

Verna ana miadi ya kupasuliwa jicho mwezi wa Juni, baada ya msimu. Daktari amempa matumaini kuwa ule mkia utapungua. Hajui kama wateja watapungua pia baada ya habari hii kuenea, na anasema hilo litajulikana lenyewe. Kitu anachokisubiri kiko karibu zaidi ya Juni.

Kwa sheria, uwindaji hufungwa kila siku saa saba mchana, na kuanzia hapo malori madogo huanza kuegesha nje ya karakana, wenyewe wakishuka na hadithi zao. Msimu uliopita, baada ya yule bata wa nne, Dwight hakupita tena.

"Sina haja ya bata," anasema Verna, akiitia kadi ya zabibu ndani ya bati la biskuti, juu kabisa ya ile yake. "Kwenye kadi asinidanganye. Lakini Jumatatu saa saba mchana nitaweka kahawa, nitakaa hapo mlangoni, na ninataka kaka yangu aje anidanganye mpaka jua lizame."