Mhasibu anayepima jina kwa kupanga foleni

Saa tatu asubuhi, foleni kwenye duka la dobi imefika mlangoni. Mbele kabisa yupo mwanamume aliyekumbatia suti ya harusi ndani ya mfuko wa plastiki. Nyuma yake yuko mama mwenye mapazia, kisha wanafunzi wawili wanaosukumana. Wa mwisho ni mwanamke mwenye miwani na sketi ya kijivu, mkononi ana shati moja tu. Shati lenyewe ni safi.

Hajaja kufua. Amekuja kusikiliza.

"Samahani dada," anamwambia mama wa mapazia. "Hapa panaitwaje?"

Mama anamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Si kwa Mzee Wanga hapa! Wewe mgeni?"

Mwenye miwani anatabasamu, anatoka kwenye foleni na kwenda zake na shati lake. Kwake hiyo ni kazi, na mwisho wa mwezi analipwa mshahara kwa ajili yake.

Ni mhasibu wa kampuni yenye maghala na maduka kadhaa, miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili. Mojawapo ya kazi zake ni kupima kitu kisichoshikika: kila mwaka huangalia kama jina la biashara ambayo kampuni iliinunua bado lina thamani ileile iliyoandikwa vitabuni.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hesabu ilimpa kisogo tangu darasa la sita, aliomba aelezwe polepole.

"Tuliinunua dobi hii kwa milioni sabini," anasema. "Ukihesabu mashine, boila, pasi na gari, unapata milioni arobaini. Sasa hizo thelathini zilizobaki tulinunua nini? Tulinunua ile hali ya mtu kuzipita dobi mbili njiani ili aje hapa. Tulinunua jina."

Jina hilo huandikwa kama mali. Mashine hupunguzwa thamani kidogo kidogo kwa kuwa huchakaa. Kwenye vitabu vyake jina halipunguzwi hivyo, linapimwa. Mhasibu anakadiria fedha ambazo tawi litaingiza miaka ijayo, anazipunguza kwa sababu fedha ya kesho hailingani na ya leo, kisha analinganisha jumla na kilichoandikwa. Jumla ikiwa ndogo, jina linakatwa.

"Na mkasi ninaushika mimi," anasema. Halafu anacheka, lakini si sana.

Elimu hii hakuianzia darasani. Mama yake alikuwa msusi mwenye saluni ya viti vitatu. Alipochoka kusimama kutwa, aliiuza kwa binti mmoja mwenye fedha zake na bidii zake. Wiki iliyofuata wateja wote walihamia sebuleni kwa mama, wakakalia makochi na kutaka kusukwa.

"Yule binti alikuja akilia. Alinunua vioo, viti na vikaushio, akidhani wateja wamo ndani ya bei. Mama akaona aibu, akamrudishia sehemu ya fedha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na sijasahau sura ya yule dada."

Mitihani ya uhasibu aliilipia mwenyewe kwa kufanya hesabu za maduka madogo siku za mapumziko. Kuna somo alilofeli mara mbili, na msomaji atakuwa ameshalikisia. Ni lile lile la thamani ya jina.

Mwaka juzi ndipo mambo yalipoharibika. Kampuni ilifuta kibao cha zamani na kupaka jina lake kwa rangi ya buluu. Mzee Wanga, mwanzilishi wa duka, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya wanga wa kukazia kola na si wale wa usiku, alibaki kazini kama mkuu wa pasi. Alitolewa kaunta na kupelekwa chumba cha nyuma. Wateja waliokuwa wakipokewa kwa "Shikamoo mama, yule mjukuu ameanza kutembea?" sasa wakakutana na kijana anayesema "Namba?"

Hosteli iliyokuwa ikileta mashuka kila wiki ikahama. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kugombana na mtu. Mhasibu alipofanya hesabu zake, jina la milioni thelathini likabaki na thamani ya kumi na nane. Milioni kumi na mbili zikakatwa.

Wafanyakazi kumi na mmoja wa dobi waliposikia kuna hasara, roho zikawa juu. Waliomba waelezwe kwa maandishi, kwa Kiswahili. Mhasibu akakaa akawatafsiria taarifa mwenyewe. Alipofika kwenye neno la kitaalamu la thamani ya jina, ambalo kwa Kiingereza ni goodwill, akafungua kamusi, na kamusi ikampa maneno mawili: nia njema.

Akaandika: "Nia njema ya tawi la dobi imepungua kwa milioni kumi na mbili." Karatasi ikabandikwa karibu na birika la chai.

Mzee Wanga aliisoma akiwa amesimama. Waliokuwepo wanasema aliisoma tena, akachomoa pasi yake kwenye umeme, akakunja aproni vizuri kama anavyokunja kila kitu, akaenda nyumbani.

"Nimeishi na watu miaka yote hii," anasimulia mzee mwenyewe, na bado sauti inabadilika. "Leo mtu anibandikie ukutani kwamba nia yangu imepungua? Tena wameipima mpaka wameipata kwa milioni!"

Wateja waliouliza "Mzee yuko wapi?" na kuambiwa hayupo, walichukua nguo zao wakaondoka nazo. Wakurugenzi walipoona hivyo wakasema wazi: mwaka mmoja. Kipimo kinachofuata kikianguka tena, tawi linafungwa.

Mhasibu alikwenda kwa mzee na mkono mtupu. Alimkuta uani, mkewe akianika kunde.

"Karibu mwanangu," mzee akamwambia. "Umekuja kuipima na iliyobaki?"

"Nilitamani ardhi ipasuke nizame," anakumbuka mhasibu. Alikaa kwenye kigoda akaeleza. Kwamba hakupima nia ya mtu. Kwamba alipima jina la duka, na neno alilotumia lilikuwa sahihi kwenye kamusi na kosa kubwa kwenye moyo wa mtu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza lile swali lililokuwa likimnyima usingizi wiki nzima.

"Sasa hizo milioni kumi na mbili, nitakatwa mimi?"

"Wewe?"

"Si mmesema zimepungua. Nani atazirudisha? Mshahara wangu mimi, hata nikifa nikafufuka, hautoshi."

Mhasibu anasema alicheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka. "Nilikuwa na wiki nzima nahangaika na heshima yake. Kumbe yeye na mkewe walikuwa wanajiuliza wauze kiwanja au wauze mbuzi. Kwa sababu ya maneno yangu mawili!"

Mkewe ndiye aliyemaliza kikao. "Mume wangu, husikii? Hudaiwi. Kaoge uende kazini."

Mzee alirudi, ila kwa sharti moja: kaunta. Mhasibu naye alikuwa na lake kwa wakurugenzi. Aliwaambia kwamba walinunua jina kisha wakapaka rangi juu yake, na kwamba katika foleni hajamsikia hata mteja mmoja akilitaja jina la buluu. Mkurugenzi mmoja alinuna, lakini kibao kikabadilishwa. Sasa kimeandikwa "Kwa Mzee Wanga" kwa herufi kubwa, na jina la kampuni chini, dogo.

Kuhusu namba za nguo walivutana. Mzee alitaka zifutwe, akidai kila nguo anaijua kwa sura. Mhasibu akamkumbusha kanzu ya imamu iliyokwenda kwa fundi makenika na kurudi na mafuta. Namba zikabaki.

Mwaka ukapita hivyo, kwa mvuke na hanga za nguo. Hosteli ilirudi baada ya mzee kwenda mwenyewe kuzungumza na matroni. Duka likaanza kujaa asubuhi.

Wiki mbili baada ya ile foleni, mwandishi anamsindikiza mhasibu kwenye chumba cha pasi. Kuna joto la kuyeyusha mtu. Wote kumi na mmoja wamesimama, na hakuna anayejifanya ana shughuli. Safari hii hajaja na karatasi.

"Vitabuni tawi zima, jina la kumi na nane na mashine zilizochakaa hadi thelathini na tano, limeandikwa milioni hamsini na tatu," anasema. "Nimepima nimepata sitini na moja. Wakaguzi wamepitia, wamekubali. Jina limesimama. Tawi halifungwi."

Kelele zinazopigwa zinamtoa mteja kaunta kuja kuchungulia. Mama mmoja wa pasi, mfupi, mwenye kitambaa cha njano kichwani, anakaa chini sakafuni na kufunika uso. Ana watoto wanne na ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Mhasibu anachuchumaa na kumshika bega. Haya si mambo wanayofundisha chuoni.

Kelele zinapotulia, Mzee Wanga anauliza, "Kwa hiyo zile kumi na mbili zimerudi?"

"Hazirudi, mzee wangu. Jina likishakatwa, limekatwa. Sheria haituruhusu kulirudisha."

"Hata tukifanya vizuri namna gani?"

"Hata mkipasua anga."

Mama wa kitambaa cha njano anainua uso. "Sasa hili tulilolijenga mwaka mzima limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa popote, dada. Jina unalojijengea mwenyewe haliingii vitabuni. Linaandikwa likinunuliwa tu."

Wanatazamana. Kisha mama yule anasema, taratibu, kama anayeonja neno, "Basi tulinunue."

Hawatanii. Wana kikundi chao cha kuweka akiba, na mzee anasema waliwahi kulizungumza wakaliacha kwa kuogopa tawi kufungwa. Hofu hiyo sasa imeondoka. Wanakusudia kusajili ushirika, kuomba mkopo na kupeleka ombi kwa wakurugenzi ndani ya miaka mitatu. Mhasibu amewaambia watafute mtaalamu wao, kwa kuwa yeye yuko upande wa muuzaji na hawezi kukalia viti viwili.

Lakini hafichi anachokitamani. "Nataka siku moja nilifute jina lile kwenye vitabu vyangu lote, hadi senti ya mwisho, kwa sababu limehamia kwenye vyao. Huo utakuwa ufutaji mtamu kuliko wote niliowahi kufanya."

Na bei? Si itakuwa imepanda hadi hapo?

"Itapanda, na wanaoipandisha ni wao wenyewe," anajibu. "Kila shati wanalolinyoosha vizuri, kila mteja wanayempokea kwa jina lake, wanajiongezea bei ya kulipa. Nimewaambia kabisa, wasije wakasema sikuwaambia."

Wakasemaje?

"Wamecheka. Wakachomeka pasi."