Kelele za Ng'ambo

Mwezi uliopita nilivuka mto kutoka mjini kwenda Lubunga, mtaa nilikokulia, baada ya miaka mingi. Nilishuka kwenye ule ukingo wa matope unaomeza kiatu cha mgeni, nikapanda moja kwa moja hadi mahali palipokuwa karakana ya seremala. Rafiki yangu, haipo. Pamejengwa duka la matofali, wanauza simu na taa za jua. Nilisimama mlangoni hadi muuzaji akaniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, nasikiliza tu. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa, nami sikumlaumu. Angejuaje kwamba pale pale aliposimama, nikiwa msichana wa sekondari, ndipo nilipopiga dramu hadi misumari ikaanguka kutoka kwenye rafu?

Mimi na kaka yangu tulilelewa na bibi, mama yake baba. Tulimwita koko, kama watoto wote wa mtaa walivyowaita bibi zao. Baba aliuawa majeshi ya kigeni yalipoupigania mji wetu kana kwamba sisi wenyewe hatumo ndani. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, sikumbuki kitu. Mama aliolewa tena Basoko, akawa anatutumia samaki na salamu kwa mashua. Kwa hiyo utoto wangu ni koko: mchi wake alfajiri akiponda ndizi za lituma, chakula chetu cha kila siku, moshi wa kuni mbichi, mawese yakichemka, na sauti yake akiimba nyimbo za kanisa huku akifagia kiwanja. Alikuwa mama shemasi, kiongozi wa akina mama wote wa kanisa letu, na kitenge chake cha Jumapili hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata kukianika. "Mutu anakula kwanza, kisha analia," alipenda kusema. Na kweli kwetu tulikula. Kulia ndiko hatukulia. Jina la baba halikutajwa ila katika sala, na hata hapo kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Muziki ule uliingia nyumbani kupitia kaka. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya na mwanafunzi wa chuo kikuu ng'ambo ya mjini, na siku moja alirudi na nyimbo kwenye simu, alizopewa na mwenzake kutoka Kivu. Akanivisha spika za masikioni. Gitaa zilinguruma kama maporomoko mto ukijaa, dramu zikaenda mbio, halafu mtu akapasua sauti kana kwamba anachomwa moto. Nilizing'oa zile spika.

"Ni nini hii?"

"Ni batu banaomba Mungu," kaka akasema.

Sikuamini. Akanitafsiria maneno, mstari baada ya mstari, na kweli yalikuwa maombi. Akaniambia muziki huo unaitwa metalcore, na kwamba waimbaji wale ni Wakristo kama sisi, ila wao hawamwombi Mungu kwa adabu. Nikamwambia arudie wimbo tangu mwanzo.

Bendi ilianza hivyo. Kaka alishika gitaa, rafiki yake wa chuo akashika besi. Mimi nilipewa dramu ya zamani ya kanisa iliyochanika, nikaiwamba ngozi ya mbuzi. Nilikuwa pia naimba zile sehemu tamu, maana katika muziki huo mmoja hupasua sauti na mwingine huimba kwa upole. Sauti ya kupasua ilikuwa ya binti wa muuza samaki, jirani yetu. Kila asubuhi alisimama ukingoni na beseni za samaki wa moshi akiita mitumbwi iliyokuwa katikati ya mto, na wapiga kasia waligeuka. Koko alisema mtoto yule akikohoa Lubunga, watu wa Makiso, ng'ambo ya mjini, wanamwambia pole.

Karakana tulipewa na seremala, Mwislamu wa familia moja ya zamani ya wafanyabiashara, mtu aliyetengeneza nusu ya madawati ya kanisa letu. Tulimwita papa, yaani baba, kama wazee wote wa kwetu. Aliturundikia magodoro kuukuu ukutani ili majirani wapumue, na sharti lake lilikuwa moja tu.

"Adhana ikilia, munanyamaza. Kiisha ile, mupige yenu. Mbao haina masikio."

Tulipiga mchana baada ya shule, tukiwa tumejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope. Kaka alitunga kila kitu kwa Kiswahili, kile chetu cha nyumbani, akakataa Kifaransa kabisa. Alisema mtu akiumia hatafuti kamusi. Kwa ajili ya wimbo mmoja alikaa na koko jua likipungua, koko akimenya ndizi, akamwuliza majina ya watu wa barabara yetu waliokufa katika vita. Koko alidhani ni kazi ya chuo. Alitaja jina moja, akamenya, akataja lingine. Lilipofika jina la baba, kisu kilisimama. Kisha akalitaja polepole, yote matatu, kama alivyolipokea siku ya ubatizo. Mimi nilikuwa naosha sufuria karibu yao, na nilikuwa sijawahi kulisikia likisemwa kwa ukamilifu.

Studio ilikuwa ng'ambo ya pili, Makiso, chumba kimoja chenye kompyuta ambamo kijana mmoja alirekodi kwaya na matangazo ya sabuni. Tulivusha dramu kwa mtumbwi, mpiga kasia akilalamika njia nzima kwamba amebeba msiba. Binti wa muuza samaki alipopasua sauti mara ya kwanza, yule fundi wa studio aliruka kwenye kiti akidhani mashine zake zimeungua. Kisha akacheka hadi akafuta machozi.

"Bon, miye nilisha enregistrer hata mbuzi, kwa publicité. Lakini hii, mama! Rudi nyuma kidogo ya micro, usiniulie mashine."

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Tukisubiri, tulikula mikate ya mafuta na karanga barazani, tukabishana kama wimbo wa tatu una mbio mno. Hakuna aliyesema turudi nyumbani. Tulipomaliza, fundi alizima kompyuta, akasema, "Sijue kama ni muzuri. Lakini ni ya kweli." Albamu tuliipa jina *Kelele za Ng'ambo*, kwa sababu watu wa mjini ndivyo walivyotuita sisi wa Lubunga, watu wa kelele.

Na kelele ndizo walizosikia. Mtangazaji wa redio alicheza wimbo wa kwanza, hakufikisha nusu, akaukata na kuuliza wasikilizaji kama kuna mtu anachinjwa. Mji mzima ulicheka. Madereva wa toleka, zile baiskeli za abiria, walianza kupasua sauti kila walipotuona, na shuleni mwalimu aliniita "mademoiselle tonnerre", binti radi, mbele ya darasa. Ningeweza kuvumilia hayo. Lililotuumiza lilitoka kanisani. Wazee walikaa kikao, wakamwita koko, na sisi pia.

Mzee wa kanisa aliyeongoza kikao alikuwa mtu mkavu na mwenye haki, aliyetufundisha sote katekisimu. Hakupaza sauti.

"Mama shemasi, ile sauti iko ya mapepo. Batoto bako bamechafua jina ya kanisa. Donc, ao banaacha, ao weye unaacha kazi ya bamama. Hatuwezi kuwa na vyote viwili."

Nilimtazama koko. Kazi ile ndiyo iliyomwinua baada ya kumzika mwanawe. Bila akina mama wale sijui angesimama na nini. Kaka alifungua mdomo, nadhani kusema kwamba tutaacha. Koko akamzuia kwa mkono.

"Papa, mulisikia yote?"

Mzee akakiri walisikia kile cha redio.

"Hata miye sijasikia. Hawakunionyesha. Basi tusikie, kisha munihukumu. Mutu hahukumiwe nusu."

Hivyo ndivyo albamu yetu ilivyozinduliwa, rafiki yangu: mchana, kwenye spika ya kanisa, wazee wakiwa wamekaa mbele na mikono kifuani. Akina mama wa koko waliokuwa wamekuja kufagia walibaki na mifagio yao, wakajipanga nyuma. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mama mmoja aliziba masikio. Wa pili, mzee mmoja akatoka nje. Nilisikia kila kosa langu la dramu, na nilisikia pia, kwa mara ya kwanza, jinsi tulivyokuwa wazuri.

Kisha ukafika wimbo wa majina. Unaanza na gitaa moja tu, halafu binti wa muuza samaki anaita. Anaita jina, kama alivyoita mitumbwi, kwa pumzi yote. Linafuata lingine. Chini yake mimi naimba polepole maneno ya kaka: *Bwana, fungua sikio, tuko ng'ambo, tunaita.* Lilipoitwa jina la baba, koko alisimama. Hakulia kama nilivyodhani. Aliweka mkono kichwani, akajibu kwa ule mlio mrefu wa akina mama kwenye matanga, na nyuma yake mama mmoja akampokea, kisha mwingine, mifagio ikaanguka. Watu walisikia marehemu wao wakiitwa, wakawajibia. Kilio kile kilikuwa kimekaa ndani ya barabara yetu tangu mimi nilipokuwa mgongoni.

Mzee wa kanisa alikuwa ameinama. Jina la mdogo wake, aliyepigwa risasi akivuka mto, lilikuwa limeshapita. Alipoinua uso hakuwa yule mtu mkavu tena.

"Nani alibapa jina ya mudogo yangu?"

"Ni miye," koko akasema.

Spika iliendelea kunguruma. Mwishowe akamgeukia kaka.

"Rudisha. Pale kwa jina yake, rudisha."

Kaka akarudisha. Tukausikiliza tena, wote, na mzee aliyetoka nje akarudi akasimama mlangoni na kofia mkononi.

Sitakudanganya kwamba kila mtu aligeuka. Familia fulani zilihamia kanisa lingine, zikisema sisi tumeingiza vita madhabahuni, na mama wa masikio aliyaziba hadi mwisho. Lakini koko alibaki mama shemasi, na tuliruhusiwa kupiga uani mwa kanisa, mchana, watu wakiwa wamekaa hadi juu ya ukuta. Seremala alikuja na watoto wake wote, akakaa mbele kabisa. Yule mtangazaji akatuita redioni, akacheza wimbo wa majina hadi mwisho, na baada yake hakusema kitu kwa muda, jambo ambalo mji ulilizungumzia kuliko wimbo wenyewe. Simu zikaanza kupigwa. Watu walitaka kusoma hewani majina ya marehemu wa barabara zao.

Albamu ilisafiri kwa simu hadi simu. Wafanyabiashara wa mashua waliibeba wakishuka mto, na mama alitutumia ujumbe kwamba Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia mto Kongo, vijana wanaupiga ule wimbo kwenye spika za gati. Gazeti moja la wanafunzi liliandika kwamba besi yetu ni ya ovyo na dramu zina haraka, ila hawajasikia mji wao ukisemwa namna ile. Kaka aliikata ile karatasi akaibandika juu ya kitanda. Mimi nilijifanya sijali kuhusu hizo dramu, nikafanya mazoezi mara mbili zaidi.

Hatukutoa albamu ya pili. Kaka alipata kazi Kinshasa, mpiga besi akaoa, kompyuta ya studio ikafa na nyimbo zote tumboni. Nakala zilizobaki zimebanwa na kunakiliwa hadi gitaa zinasikika kama mvua. Koko amelala Lubunga, papa seremala pia, kila mmoja kwenye makaburi ya watu wake. Vijana wa kanisa leo wana dramu mpya, na msichana akikaa nyuma yake hakuna anayegeuza shingo. Hawajui kwa nini, na sioni sababu ya kuwaambia.

Binti wa muuza samaki ni muuguzi sasa, Yahuma. Tunazungumza Jumapili mtandao ukikubali. Sauti yake imekwisha. Madaktari walimwambia aliitumia vibaya, na siku hizi anaongea chini sana hivi kwamba watoto wodini huacha kulia ili wamsikie. Nilimpigia jioni ile ile niliporudi kutoka Lubunga, nikamweleza karakana haipo, chumba cha studio hakipo, hata uani mwa kanisa wamejenga.

"Lakini tuliimba, si ndiyo?" akaniuliza.

"Tuliimba, dada."

"Basi," akasema, na nikamsikia akicheka.